Namba 13 si Enter kila mahali: jinsi ya kupanga konstanti za kibodi, kipanya na mguso

Swali: *Nimeandika programu ya mauzo kwa lugha ya C, na kiolesura nimekijenga mwenyewe bila maktaba ya nje. Kaunta kuna kompyuta ya Windows yenye skrini ya kugusa. Stoo wanatumia tableti ya Android yenye kibodi ya Bluetooth. Mambo matatu yananishinda. Kwenye tableti, karani akibonyeza 6 mauzo yanafungwa kabla hajamaliza kuandika bei. Kaunta, kitufe cha kuongeza bidhaa kikiguswa kwa kidole kinaongeza mbili, lakini kwa kipanya kinaongeza moja kama inavyotakiwa. Na mteja wangu wa Bukavu anasema skana ya barkodi inaandika -éà mahali pa 620. Je, nitengeneze orodha moja ya konstanti za kibodi, kipanya na mguso, au orodha tatu? Na namba zake nizitoe wapi?* — Msomaji, Mwanza

Jibu: Orodha moja ya konstanti, yaani majina yaliyopewa namba zisizobadilika, na namba zake uzipange wewe. Naomba usiishie hapo kwenye jibu fupi, kwa sababu hitilafu zako tatu zinaonekana kama mambo matatu tofauti, na ukizitibu kila moja kivyake utapata ya nne mwezi ujao. Zote zinatokana na jambo moja: namba za mifumo ya watu wengine zimeruhusiwa kuingia hadi ndani kabisa ya programu yako, na kila sehemu ya programu inazitafsiri kivyake.

Nianze na hiyo 6, maana ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Ninaamini mahali fulani kwenye msimbo wako kuna mstari wa namna hii:

```c
if (kitufe == 13) funga_mauzo();
```

Kwenye Windows mstari huo ni sahihi. Kitufe cha Enter huko kinaitwa VK_RETURN na thamani yake ni 0x0D, yaani 13 (0x huashiria namba iliyoandikwa kwa msingi wa 16). Android ina jedwali lake. Enter ni 66, na tarakimu zinaanzia kwenye 7: sifuri ni 7, moja ni 8, mbili ni 9. Endelea kuhesabu hivyo na 13 itakuangukia kwenye kitufe cha 6. Karani wako anaandika bei ya 6,500, anagusa tarakimu ya kwanza tu, na programu inaelewa "amemaliza". Tableti haina kosa na kibodi haina kosa. Programu imepokea namba bila kuuliza imetoka wapi.

Enter hiyo hiyo ni 28 kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, ni 36 kwenye Mac, na ni 40 kwenye jedwali la USB linalotumiwa na kibodi zenyewe. Hakuna aliyekosea kati yao. Kila mmoja alipanga jedwali lake kwa sababu zake. Namba ya kitufe haina maana mpaka umjue mwenye jedwali, kama noti ya kigeni isivyotumika sokoni Mwanza mpaka ibadilishwe mpakani.

Tazama pia kwamba ni ile 13 tupu iliyokuponza. Ungeandika VK_RETURN, kompaila ya Android, yaani chombo kinachogeuza msimbo kuwa programu, ingekataa palepale kwa sababu jina hilo haliko upande wake, na ungegundua tatizo ukiwa mezani kwako. Namba tupu hupita kila mlango kimyakimya.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: kila mfumo uwe na faili lake moja la mlangoni. Tuseme mlango_windows.c na mlango_android.c. Hayo ndiyo mafaili pekee yanayoruhusiwa kujua kwamba kuna kitu kinaitwa VK_RETURN au AKEYCODE_ENTER. Kazi yake ni kupokea tukio la mfumo, kulitafsiri liwe tukio lako, na kulipeleka ndani. Ukishavuka mlango huo, programu nzima inajua majina yako peke yake. Mimi ningeyaandika hivi:

```c
enum aina_ya_tukio {
    TUKIO_HAKUNA           = 0,

    TUKIO_KITUFE_CHINI     = 0x5100,
    TUKIO_KITUFE_JUU       = 0x5101,
    TUKIO_MAANDISHI        = 0x5102,

    TUKIO_KIELEKEZI_CHINI  = 0x5200,
    TUKIO_KIELEKEZI_SOGEA  = 0x5201,
    TUKIO_KIELEKEZI_JUU    = 0x5202,
    TUKIO_KIELEKEZI_BATILI = 0x5203,
    TUKIO_GURUDUMU         = 0x5204
};

enum chanzo {
    CHANZO_KIPANYA = 1,
    CHANZO_KIDOLE  = 2,
    CHANZO_KALAMU  = 3
};
```

Namba hizi nimezichagua kwa makusudi. Sifuri haina tukio lolote, ili kumbukumbu iliyosafishwa tu isije ikasomeka kama mtu kabonyeza kitu. Matukio ya kibodi yamekaa kwenye kundi la 0x51 na ya kielekezi kwenye 0x52, ili uweze kuuliza "hili ni la kibodi?" kwa kulinganisha sehemu ya juu ya namba. Windows yenyewe imepangwa hivyo: ujumbe wa kibodi unaanzia 0x0100, wa kipanya 0x0200. SDL2, maktaba ya kushughulikia madirisha na vifaa vya kuingizia, nayo ina kibodi kwenye 0x300, kipanya kwenye 0x400 na vidole kwenye 0x700. Lakini nimekwepa kutumia 0x100 na 0x200 zenyewe. Kama TUKIO_KITUFE_CHINI ingekuwa 0x100 ingelingana kabisa na WM_KEYDOWN, ujumbe wa Windows wa kitufe kubonyezwa, na siku namba ya Windows ikivuja ndani bila kutafsiriwa kila kitu kingeenda vizuri kaunta huku tableti ikiharibika. Namba zisipofanana, uvujaji unaonekana siku hiyohiyo.

Sasa kidole kinachoongeza mbili. Skrini ikiguswa, Windows hutuma ujumbe wa mguso, WM_TOUCH, kwa dirisha lililojisajili kuupokea. Kisha, kwa kidole cha kwanza, hutuma pia ujumbe wa kipanya, WM_LBUTTONDOWN na wenzake, kwa ajili ya programu zilizoandikwa kabla skrini za kugusa hazijaenea. Programu yako inasikiliza yote mawili, na kila moja linaongeza bidhaa. Vivinjari navyo hufanya hivyo: baada ya kidole kuinuka, ukurasa hupokea mousedown, mouseup na click ambazo hakuna kipanya kilichozituma.

Najua dawa ambayo wengi huikimbilia: kupuuza mbonyezo wa pili ukija ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Usifanye hivyo. Karani mwenye kasi anayegusa mara mbili kwa sababu mteja amechukua soda mbili atapunjwa moja, na hesabu ya stoo haitalingana jioni. Umebadilisha hitilafu inayoonekana kwa hitilafu iliyojificha.

Dawa halisi iko mlangoni. Windows huweka alama kwenye ujumbe wa kipanya uliozaliwa na mguso. Ita GetMessageExtraInfo, namba inayorudi ichuje kwa 0xFFFFFF00, na ukipata 0xFF515700 basi ujumbe huo ni mwangwi wa kidole au kalamu; utupe. Wa SDL2 wana alama yao pia, SDL_TOUCH_MOUSEID. Njia nyingine kwa Windows 8 na kuendelea ni kuachana na WM_TOUCH na kutumia familia ya WM_POINTERDOWN, WM_POINTERUPDATE na WM_POINTERUP: ukizishughulikia mwenyewe bila kuzikabidhi kwa DefWindowProc, kishughulikiaji cha kawaida cha Windows, ule mwangwi wa kipanya hauji. Kwa programu mpya mimi ningechagua hii.

Hapo ndipo lilipo jibu la "moja au tatu". Utaona sikuweka TUKIO_KIPANYA_CHINI na TUKIO_MGUSO_CHINI. Nimeweka kielekezi kimoja, na chanzo nimekiandika pembeni. Kitufe cha kuongeza bidhaa hakijali kimeguswa na nini. Kinataka kujua kimebonyezwa wapi. Ukitenganisha orodha, kila kitufe, kila kisanduku na kila menyu italazimika kuandikwa mara mbili, na mahali fulani utasahau moja. W3C, shirika la viwango vya wavuti, walifika hapohapo: vivinjari vilianza na matukio ya kipanya, vikaongezewa ya mguso, kisha mwaka 2015 likapitishwa pendekezo la Pointer Events linaloyaunganisha, na pointerType ikibaki kusema kama ni "mouse", "pen" au "touch". Chanzo kisitupwe, lakini, kwa sababu kuna mahali kinahitajika. Kipanya kinaweza kuelea juu ya kitufe bila kubonyeza, kidole kwenye skrini yako hakiwezi. Kwa hiyo maelezo yanayojitokeza kielekezi kikipita juu hayatamfikia kamwe mtu wa tableti.

Tukio la kielekezi libebe pia utambulisho wa kidole, maana vidole vinaweza kuwa viwili. Hapa Android ina mtego uliowanasa wengi. Kidole cha kwanza kikigusa, kitendo ni ACTION_DOWN, thamani 0. Cha pili kikigusa ni ACTION_POINTER_DOWN, thamani 5. Ndivyo lilivyoandikwa jedwali. Lakini namba utakayoipokea ni 261. Sababu ni kwamba biti nane za chini zinabeba kitendo na biti nane zinazofuata zinabeba nafasi ya kidole: nafasi ya 1, kitendo cha 5, ukiziunganisha ni 0x0105. Anayelinganisha na 5 moja kwa moja hatakiona kidole cha pili. Chuja kwa AMOTION_EVENT_ACTION_MASK kwanza. Na nafasi hiyo usiitumie kama jina la kidole, kwa sababu hubadilika vidole vikiinuka. Kinachodumu tangu kidole kinagusa hadi kinaondoka ni kile kinachorudishwa na AMotionEvent_getPointerId. Hicho ndicho cha kuingiza kwenye tukio lako.

Kuhusu TUKIO_KIELEKEZI_BATILI, tafadhali usilifute kwa kuona halina kazi. Mguso hauishii kwenye kuinua kidole siku zote. Karani anaweka kidole kwenye bidhaa, kisha anaburuta orodha ipande. Orodha inauchukua mguso ule, na bidhaa inaambiwa ACTION_CANCEL, thamani 3, badala ya ACTION_UP. Kama huna konstanti ya kubatilisha, utafanya moja kati ya mawili mabaya: ukiifanya sawa na kuinua kidole, utauza kitu ambacho mtu alikuwa anapita tu, ukiipuuza, kitufe kitabaki kimezama kwenye skrini. Vivinjari vina touchcancel na pointercancel kwa sababu hiyohiyo, na kwa kipanya kwenye Windows ujumbe wa WM_CAPTURECHANGED unakupa ishara ya namna hiyo.

Sasa twende Bukavu. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linagusa swali ambalo programu nyingi za kwetu hazijawahi kujiuliza: kitufe ni nini, mahali au herufi?

Barkodi za bidhaa zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620. Skana nyingi hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi, na zikitoka kiwandani huwa zimepangwa kwa mpangilio wa Marekani. Skana haitumi tarakimu. Inatuma mahali pa kitufe, kana kwamba mtu anabonyeza safu ya juu. Kompyuta ya Bukavu imewekwa mpangilio wa Kifaransa, AZERTY, ambako safu ya juu bila Shift haitoi tarakimu: mahali pa 6 pana kistari, mahali pa 2 pana é, mahali pa 0 pana à. Soma tena: -éà. Skana imesoma sawasawa na Windows imetafsiri sawasawa kwa mpangilio ilioambiwa. Bidhaa ya Kenya, inayoanza na 616, ingekuja -&-.

Kwa leo, mwambie mteja wako afungue kijitabu cha skana, atafute barkodi ya kuchagua mpangilio wa kibodi wa Kifaransa, na aisome kwa skana hiyo. Tatizo litaisha kwa dakika chache. Lakini programu yako inapaswa kuweza kujilinda yenyewe, na hapo konstanti za vitufe zinaingia.

Tukio la kitufe libebe vitu viwili: mahali na maana. Mahali ni kitufe chenyewe kama kipande cha plastiki, na hakibadiliki mpangilio ukibadilika. Maana ni herufi ambayo mpangilio wa sasa umekipa. Kwa kitufe kilicho upande wa kulia wa Tab, mahali ni palepale Mwanza na Bukavu, lakini maana yake Mwanza ni Q na Bukavu ni A. Vivinjari vimetenganisha hivyo pia: event.code itasema "KeyQ" kote kuwili, event.key itasema "q" hapa na "a" kule. Ile keyCode ya zamani ilichanganya yote hayo, na matokeo yake nukta mkato ikawa 59 kwenye Firefox na 186 kwenye vivinjari vingine. Siku hizi inashauriwa isitumike.

Kwa upande wa mahali ndipo pekee ninapokushauri uazime namba badala ya kubuni, kwa sababu vitufe ni zaidi ya mia moja na jedwali zuri lipo: lile la USB. Ndani yake A ni 0x04 na Enter ni 0x28. SDL2 imelichukua kama lilivyo. Mimi ningeongeza namba ya ukurasa wake mbele, 0x07, kama Chromium, msingi wa kivinjari cha Chrome, inavyofanya:

```c
#define MAHALI_INGIZA  0x070028
#define MAHALI_6       0x070023
#define MAHALI_F1      0x07003A
```

Kwa ukubwa huo haziwezi kuchanganyikana na 13 ya mtu yeyote.

Skana basi isomwe kwa mahali. Kwenye Windows tumia Raw Input: ujumbe wa WM_INPUT unakuambia kifaa gani kimetuma, hivyo utaitofautisha skana na kibodi ya karani, na unakupa msimbo wa mahali usiotegemea mpangilio. Ile 620 itakufikia kama 0x07, 0x03, 0x0B, Mwanza na Bukavu sawasawa; hizo ni namba za mahali za Windows, si za USB, na mlango ndio uzigeuze ziwe MAHALI_6 na wenzake. Njia za mkato kama Ctrl+S zifuate maana, kwa sababu mtu anaitafuta S iliyochorwa kwenye kitufe. Na visanduku vya kuandika visifuate mahali wala maana. Vifuate TUKIO_MAANDISHI, yaani WM_CHAR kwenye Windows. Kibodi ya kwenye kioo cha Android haiahidi kutuma tukio la kitufe hata kidogo. Inaweza kukuletea neno zima kwa mara moja. Anayejenga maandishi kwa kuunganisha vitufe atapata kisanduku kisichoandika kitu siku karani akiiacha ile kibodi ya Bluetooth nyumbani.

Tahadhari moja zaidi ya AZERTY: AltGr kwenye Windows huonekana kama Ctrl na Alt kwa pamoja, na alama ya @ kwa Kifaransa huandikwa kwa AltGr na 0. Ukiweka njia ya mkato ya Ctrl+Alt+0, mtu wa Bukavu atashindwa kuandika barua pepe ya mteja.

Vitufe vya kipanya navitaja kwa ufupi. Usiazime namba kwa yeyote. Kivinjari kimoja kinakupa button ambamo 1 ni kitufe cha kati na 2 ni cha kulia, na papo hapo kinakupa buttons ambamo biti ya 2 ni ya kulia na 4 ni ya kati. Jipangie biti zako, kushoto 1, kulia 2, kati 4, na utafsiri mlangoni. Gurudumu nalo ligeuzwe liwe kipimo chako: Windows inahesabu 120 kwa mkato mmoja, na gurudumu laini hutuma vipande vidogo kuliko hapo, kwa hiyo tunza desimali.

Weka pia alama ya marudio kwenye tukio la kitufe. Enter ikishikiliwa, mfumo unairudia. Linux inaitofautisha kwa thamani ya 2, Windows kwa biti ya 30 ya lParam, namba inayoambatana na ujumbe, Android kwa idadi ya marudio. Kufunga mauzo kusikubali marudio kabisa, la sivyo mkono ukilala juu ya Enter mashine itatoa risiti mfululizo.

Ukishazitoa namba hizi kwa wateja, usizipange upya. Mpya ziongezwe mwishoni mwa kundi lake, iliyostaafu iachwe wazi. Na kwenye faili la mipangilio, ambako mwenye duka anachagua kitufe cha kufungua droo ya fedha, hifadhi jina, "F1", na si namba.

Anza na mlango wa Android, kwa sababu mauzo yanayojifunga yanaharibu hesabu za kila siku. Tafuta kila namba tupu inayolinganishwa na kitufe au tukio, iondoe, na uiache kompaila ikuonyeshe zilizobaki. Ukimaliza, weka kompyuta yako mwenyewe kwenye mpangilio wa Kifaransa, chukua pakiti yoyote yenye barkodi ya 620, na uisome kwa skana ambayo hujaibadilisha chochote. Zikitokea tarakimu, mtumie mteja wa Bukavu toleo jipya.